Ufizi wa Mama

Mama alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano, akaniuliza kama hapa Geita kuna daktari wa ufizi.

"Jino linauma, Mama?"

"Haliumi."

"Ufizi umevimba?"

"Haujavimba. Ni ule weusi wangu. Nataka uondoke."

Niliweka kalamu chini. Mama alikuwa na miaka sitini na mitatu. Tangu Baba afariki, miaka sita nyuma, alikuwa akiishi peke yake kijijini, upande wa Kahama, na ng'ombe wake wanne na majaruba yake ya mpunga. Katika maisha yangu yote sikuwa nimemsikia akitaka kitu kwa ajili ya sura yake. Losheni nilizompelekea aliwagawia wake za majirani. Sasa alikuwa anaulizia daktari wa ufizi kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Weusi aliousema ulikuwa juu ya jino moja la mbele, upande wa kushoto. Watu wengi wa kwetu wana fizi nyeusi tangu kuzaliwa, mimi nikiwa mmoja wao, na hakuna anayeona ni kasoro. Wa Mama ulikuwa mwingine. Fizi zake ni nyekundu mdomo mzima, isipokuwa pale juu ya lile jino, palipokuwa na doa la upana wa ukucha wa kidole gumba, rangi yake kama wino uliomwagikia majivu. Kila alipotaka kucheka, mkono ulitangulia mdomoni. Nyumbani tulikuwa tumezoea hata hatukuuona tena.

Hofu iliyonishika haikuwa ya ugonjwa. Kwetu, mwanamke mzee anayeishi peke yake hatakiwi kuwa na alama ya kuzungumziwa. Nimekua nikisikia habari za akina bibi walioanza kunyooshewa vidole kuwa ni wachawi kwa sababu ya macho tu, kwamba ni mekundu, na mambo yakaishia pabaya. Nilimwuliza moja kwa moja.

"Kuna mtu amekusema, Mama?"

"Amenisema nini?"

"Huko kijijini. Kuhusu huo ufizi."

Nilisikia jogoo nyuma yake. Halafu akasema, "Hakuna aliyenisema vibaya. Wewe nitafutie daktari."

Alikuja Jumatano kwa basi, na kuku mmoja aliyefungwa miguu, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani. Nilimpokea stendi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mayu."

Hivyo ndivyo anavyoniita tangu utoto, kama wazazi wengi wa Kisukuma wanavyowaita binti zao kwa mapenzi: mama. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya mtu anayeogopa. Sikuona. Nilichoona ni kitambaa kipya cha kichwani, cha rangi ya machungwa, na simu aliyokuwa akiitoa kila baada ya dakika chache, anaiweka sikioni, anasikiliza ujumbe wa sauti, anairudisha kwenye mkoba bila kusema kitu.

Kesho yake nilimpeleka kwenye kliniki niliyokuwa nimeipata, kata ya Kalangalala hapahapa mjini, ghorofani, juu ya duka la dawa. Daktari bingwa wa fizi anakuja pale kutoka Mwanza kila baada ya wiki mbili, siku tatu tatu. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, na alimwamkia Mama kwanza, akiwa amesimama, kabla ya kumkaribisha kwenye kiti. Mama alipanda kile kiti kirefu kwa tahadhari, akauweka mkoba wake tumboni, akafungua mdomo.

Daktari aliangalia kwa muda mrefu. Alipiga picha ya jino. Halafu akavuta kigoda chake akakaa usawa wa macho ya Mama.

"Mama, huu si ugonjwa. Wala si weusi wa kuzaliwa nao, kama wa binti yako hapa." Alinigeukia, nami bila kutaka nikafumba mdomo. "Wa kwako umeletwa na chuma. Kifuniko cha jino hili kina chuma ndani yake, na miaka yote hii kimekuwa kikiachia rangi kwenye nyama. Kilitengenezwa lini?"

"Huyu alikuwa na miaka tisa," Mama alisema, akinionyesha kwa kidevu.

"Basi ni zamani."

"Kinaweza kunidhuru?"

"Hapana. Unaweza kukaa nacho maisha yako yote."

"Sitaki kukaa nacho."

Daktari alitabasamu. Alieleza atakachofanya: ataondoa kile kifuniko, atakwangua nyama iliyoingia rangi, kisha atachukua kipande chembamba cha nyama kutoka kwenye kaakaa, dari ya mdomo, na kukishonea mahali pale. Ufizi ukishapona kabisa, baada ya miezi miwili hivi, ataweka jino jipya la kauri. Kwa wakati huo Mama angekaa na jino la muda.

"Kumbe unatia kiraka," Mama alisema.

"Ndiyo, mama. Kiraka cha nyama yako mwenyewe."

Alipangiwa Jumamosi. Tuliporudi nyumbani nilikuwa nimenuna, na nilijua kwamba nimenuna, na sikuweza kujizuia. Sababu yake ilikuwa lile jino.

Nilipokuwa na miaka tisa, tulikuwa tukimfunga kamba mtamba mmoja mkorofi ili achanjwe. Mama alikuwa ameinama mbele, mimi nimeshika kamba nyuma ya kigingi. Kamba ikaniponyoka. Mtamba akarusha kichwa, na pembe yake ikampiga Mama mdomoni. Jino la mbele lilikatika nusu. Nakumbuka alikaa chini, akatema damu kwenye kiganja, akaichunguza kama mtu anayetafuta punje ya mchele iliyomwangukia. Hakunigombeza. Baada ya hapo aliacha kucheka, na nyumba yetu ambayo ilikuwa na kelele ikawa ya kimya.

Mwaka huo Baba alikwenda machimboni. Alikuwa ametuahidi kwamba akibahatika atarudi na bati, tuondokane na nyasi zilizokuwa zikivuja kila masika. Alibahatika kidogo. Alirudi, akalala siku moja, kesho yake akamchukua Mama wakaenda Shinyanga mjini. Walikaa huko siku nne. Mama aliporudi alikuwa na jino. Lilikuwa jeupe mbele, na nyuma, ukichungulia, lilimetameta kama kijiko. Bibi yetu aliuliza bati liko wapi. Baba akajibu, "Nyumba inavuja masika tu. Huyu nilikuwa namsikia akicheka kila siku."

Tulinyeshewa miaka miwili zaidi. Sisi watoto tulijua kabisa kwa nini tunasogeza vitanda, na tulijivuna.

Kwa hiyo alasiri ile, tumekaa barazani tukichambua mchele, nilimwambia Mama neno ambalo hadi leo naona haya kulikumbuka. Nilisema, "Baba alituacha tunyeshewe kwa ajili ya hilo jino. Leo unakwenda kulitupa."

Mama aliendelea kupeta. Alitoa mawe mawili, akayatupa uani.

"Baba yako aliniwekea jino ili nicheke," alisema. "Tangu ufizi ulipoanza kuwa mweusi, umeniona nikicheka mbele za watu?"

Nilitafuta jiwe kwenye ungo wangu.

"Yeye aliuona weusi kabla yangu. Alisema, tutarudi, tukalitoe, wakuwekee lingine. Kila mwaka alisema hivyo. Halafu kifua kikamshika, na safari zote zikawa za kifua chake. Kuna siku aliniomba msamaha, eti ameniharibia mdomo. Nikamwambia, mdomo wangu ni wako, mimi kwako nacheka wazi. Na nilimchekea hivyo mpaka siku zake za mwisho. Nyie watoto hamkuwa mnaingia chumbani."

Ungo ulikuwa mapajani mwangu na sikuweza kuona mchele vizuri.

"Sasa kwa nini leo, Mama? Miaka yote hii umekaa nao."

Simu yake ililia ndani ya mkoba. Aliiacha ilie ikanyamaza. Halafu mama yangu, mjane wa miaka sitini na mitatu, akainamisha kichwa kama binti anayewaambia wazazi wake kwamba barua ya posa inakuja, akaniambia kuna mtu.

Alikuwa bwana mifugo mstaafu, Msumbwa wa upande wa Ushirombo, naye amefiwa na mwenzake. Alikuwa amekuja kijijini kutibu ng'ombe wa Mama aliyepooza mguu, akarudi kumwangalia yule ng'ombe, akarudi tena wakati ng'ombe amekwisha kupona. Sasa alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti asubuhi na jioni. Nilipomwuliza anasema nini kwenye ujumbe, Mama alinipa simu nisikilize. Sauti nzito ya taratibu ilikuwa ikieleza namna ya kumchanganyia ndama dawa ya minyoo, na mwishoni, baada ya kukohoa, ikasema, "Nawe usisahau kula."

"Ameshasema neno?" niliuliza.

"Amesema. Sijamjibu."

"Unamtaka?"

"Namtaka."

"Sasa ufizi unaingiaje?"

Mama aliniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Mayu, yule mtu amefanya kazi miaka thelathini na zaidi akifungua midomo ya ng'ombe. Anajua umri wa mnyama kwa kuangalia meno. Unadhani hatatazama mdomo wangu?"

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Naye akacheka, mkono mdomoni. Ila nilipoinama kuokota zile punje, machozi yalinitoka. Nilimlilia Baba, na nilijililia mwenyewe kwa sababu miaka sita nilikuwa nikimpelekea Mama losheni na sukari na sikuwahi kumwuliza kama ana mtu wa kuzungumza naye.

Jumamosi nilikaa naye ndani ya kile chumba. Daktari aliniruhusu nikae pembeni, nimshike mguu. Alichoma ganzi mara tatu. Kazi ilichukua karibu saa mbili. Nilisikia chuma kikigusana na chuma, na sauti ya kinyonya mate, na daktari akisema kila mara, "Unaendelea vizuri, mama. Bado kidogo." Mguu wa Mama ulikuwa umekakamaa mwanzoni, halafu taratibu ukalegea mkononi mwangu, mpaka nikadhani amelala.

Kifuniko kilipotoka, daktari alikiweka kwenye kisahani cha bati. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka, cheusi kwa ndani. Alimwuliza Mama kama anataka kukichukua. Mama hakuweza kusema. Alinyoosha kiganja wazi, daktari akakiosha, akakifunga kwenye pamba, akampa. Alikishika mpaka mwisho wa kazi. Jioni yake nilimwona akikifungia kwenye ncha ya kanga yake kuukuu, ile aliyoivaa msibani, akaikunja kanga na kuiweka chini kabisa ya begi.

Siku tatu za kwanza hakutakiwa kuzungumza wala kutafuna. Nilimpikia uji, nikaupooza kwa kuumimina kutoka bakuli hili kwenda lile, kama yeye alivyokuwa akinifanyia nikiwa na homa. Nilimnywesha kwa kijiko upande wa kulia. Shavu lilikuwa limevimba na mdomo wa juu umetuna, na alipojiona kwenye kioo cha bafuni alirudi akatikisa kichwa, akaonyesha kwa mikono masikio makubwa ya nguruwe. Nilimkataza kunichekesha, maana angeanza na yeye kucheka na nyuzi zingeachia.

Mume wangu alikuwa zamu mgodini, watoto wako shule ya bweni. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu mchana kutwa, na mmoja hasemi. Labda ndiyo sababu siku ya pili, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda namshikia barafu iliyofungwa kwenye taulo, nilimwambia kitu nilichokuwa sijamwambia mtu yeyote.

"Mama, siku ile ya mtamba. Kamba nilikuwa nimeishika mimi. Niliiachia."

Alinitazama.

"Nilikuwa naangalia panzi. Sikuwa naangalia kamba. Jino lako nililivunja mimi."

Hakuweza kujibu. Alichukua lile taulo mkononi mwangu, akaliweka pembeni, akanivuta kichwa mpaka kikafika mapajani pake. Nina miaka arobaini na moja, nina watoto watatu na darasa la wanafunzi sabini, na nililala pale mpaka barafu ikayeyuka na kulowesha shuka.

Siku ya nne, daktari alipomruhusu kwa simu kusema maneno machache, nilidhani ataulizia ng'ombe wake. Alikunywa uji, akafuta mdomo kwa uangalifu, akasema polepole kama mtu anayejifunza lugha:

"Ile kamba ilikuwa mbovu. Nilimwambia baba yako abadilishe."

Basi. Hakulizungumzia tena.

Baada ya wiki mbili nyuzi zilitolewa. Kiraka kilikuwa kimeshika. Mwanzoni kilikuwa cheupe mno, kikamtia wasiwasi. Daktari akamweleza kwamba damu ikishakizoea kitafanana na wenzake, na kweli kila siku kilizidi kuwa chekundu. Mama alirudi kijijini na chupa ya dawa ya kusukutua na mswaki laini wa mtoto. Aliporudi tena Geita kwa ajili ya jino la kauri, hakuja peke yake. Bwana mifugo alimsindikiza.

Nilikuwa nimejiandaa kumchunguza. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, koti limepigwa pasi mpaka linang'aa viwikoni. Alinikuta mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akabaki amesimama, kofia mkononi, hajui aingie au asubiri, mtu ambaye maisha yake yote ameingia kwenye maboma ya watu bila wasiwasi. Nikamwonea huruma. Nikampokea kofia.

Daktari aliweka lile jino asubuhi hiyo. Mama alipotoka ndani, bwana mifugo alisimama. Mama alimwendea, akasimama mbele yake karibu kabisa, na kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima nikamwona akitabasamu na mikono yake imening'inia chini, imetulia. Meno yote. Fizi zote.

Yule mzee aliangalia. Aliangalia kwa makini, kichwa kimeinama upande, nami nikamwona bwana mifugo ndani yake.

"Limekaa vizuri," alisema. Halafu, baada ya kufikiri, "Lakini walirekebisha nini hasa?"

"Ufizi!" Mama alisema. "Ulikuwa mweusi hapa juu. Hukuuona?"

"Ningeuonaje? Ulikuwa unaziba mdomo kila mara. Mimi nilidhani hunipendi, ndiyo maana unaficha kicheko."

Msichana wa mapokezi alijifanya anapanga makaratasi. Mama alikuwa amebaki ameduwaa, halafu kicheko kikamtoka, kile cha zamani, cha kabla ya mtamba, kikubwa mpaka mtu mmoja aliyekuwa akisubiri na shavu lake limevimba akageuka kuangalia. Nilikuwa nimekisahau. Kinaanzia chini, kinakwama kidogo katikati kama pikipiki inayokataa kuwaka, halafu kinalipuka. Yule mzee alikuwa hajawahi kukisikia, na ilibidi akae chini.

Walifunga ndoa baada ya mavuno, kanisani kijijini, watu wachache. Mdogo wangu wa kiume hakufurahi mwanzoni. Nilimpigia simu nikamweleza yale Mama aliyoniambia barazani kuhusu Baba, akasema atakuja na mbuzi. Alikuja naye.

Mimi mwenyewe daktari aliniuliza, siku ile ya mwisho, kama nami ningependa kupunguza weusi wa fizi zangu, kwamba siku hizi wanawake wengi wanataka na si kazi ngumu. Nilimshukuru nikasema hapana. Sikuwa na sababu kubwa. Weusi wangu sikuwahi kuuzibia mdomo kwa mkono.

Kwenye ukingo wa kiraka cha Mama, ukimwangalia kwa karibu juani, pamebaki kivuli chembamba. Daktari alisema anaweza kukigusa tena akitaka. Mama alisema amechoka kuachama mbele ya taa. Juzi alinipigia simu kunijulisha kwamba mvua imenyesha, majaruba yamejaa, na mzee ameteleza kwenye tope na kukaa kitako mbele ya vibarua wote. Hakumaliza kunisimulia. Alicheka mpaka salio likaisha.